Bi. Aikande Sumari, Aliyeyafunua Majina Yetu

Alhamisi, tarehe 31 Julai 1997, Bi. Aikande Sumari atafunga droo ya meza yake katika masjala ya Ushirika wa Maziwa Mringaringa, atamkabidhi mlinzi ufunguo, kisha atakwenda nyumbani kwake Tengeru akiwa mstaafu. Ametumikia ushirika huu miaka thelathini na mmoja. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa alipoanza kazi, nami ni mmojawao. Nimepewa kuandika wasifu huu kwa sababu meza yangu iko jirani na yake, na kwa sababu, kama alivyosema meneja, mwandiko wangu unasomeka.

Bi. Aikande alizaliwa Akheri, akasoma hapo hapo shule ya misheni, kisha akaenda Moshi kujifunza kupiga chapa. Alipoajiriwa mwaka 1966 ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala, na anasema harufu ya maziwa yaliyochacha ilikuwa haitoki hata kwenye barua. Alipewa taipureta ya zamani ambayo kitufe chake cha herufi kubwa kilikuwa kimekwama. Kwa muda mrefu kila kitu alichopiga kilitoka kwa herufi kubwa tupu. Inasimuliwa kwamba diwani mmoja alikuja ofisini kuuliza amekosa nini, maana kila barua ya ushirika inamfokea. Bi. Aikande alimpa kiti na chai, akampigia barua ya kumwomba radhi, nayo ikatoka kwa herufi kubwa.

Alipanda ngazi polepole. Kutoka mpiga chapa msaidizi akawa mpiga chapa, kisha karani wa kumbukumbu, na tangu mwaka 1983 mkuu wa masjala. Amefanya kazi chini ya mameneja saba, na nadhani wote saba walimwogopa kidogo. Hapandishi sauti. Akikutazama juu ya miwani, wewe mwenyewe unakumbuka ulichosahau. Asubuhi Mlima Meru ukiwa wazi, husogeza kiti chake dirishani akautazama kwanza, ndipo afunue mashine. Ukiwa na mawingu hufunua mashine moja kwa moja, na siku hizo inafaa kumsalimia na kupita.

Lakini jambo ambalo wafugaji wanamkumbukia zaidi ni hili. Kwetu kila mwanachama ana namba iliyochorwa kwenye kopo lake la maziwa, na kwa namba hiyo hupimiwa na kulipwa. Watu wamezoea kiasi kwamba mzee anaingia ofisini, anavua kofia, anajitambulisha kuwa yeye ni Mia Nne na Kumi na Tisa. Bi. Aikande hapokei salamu hiyo. Atasema marahaba au shikamoo, kadiri ya umri wa mgeni, kisha atauliza jina alilopewa na mama yake. Amesema mara nyingi, bila kujisifu, kwamba katika masjala yake hakuna mtu anayekaa kwa namba peke yake. Nimeliandika hapa kwa sababu ndilo lililokuja kumgharimu usingizi mwezi Machi mwaka huu.

Ili jambo hilo lieleweke, lazima nirudi nyuma, kwenye mambo ambayo mimi nimeyasikia tu. Baada ya Azimio la Arusha, ilikuwa mwiko kuandika jina la mwanachama bila kutanguliza neno Ndugu. Orodha za wafugaji zilitoka kwenye vituo vya kupokelea maziwa, zikaja masjala, zikaenda hesabu, zikapanda kwa mwenyekiti. Hapo ndipo ukazaliwa utaratibu wa ofisi hii, ambao sijasikia kuwa uko mahali pengine: kila meza iliyopokea orodha iliweka Ndugu yake. Haijalishi kama meza iliyotangulia ilishaweka. Kupitisha jina la mtu mzima bila kumpa Ndugu kutoka meza yako kulihesabiwa sawa na kumpita mzee njiani bila shikamoo. Na kuondoa Ndugu iliyowekwa na mwenzako, hilo hakuna aliyethubutu.

Kwa hiyo kituo kiliandika Ndugu. Bi. Aikande, kwa taipureta yake iliyokwama, aliongeza NDUGU. Marehemu Elieza wa hesabu, ambaye alipenda kuandika kila kitu kwa herufi ndogo kwa kuwa aliona zinaokoa wino, aliongeza ndugu. Orodha ikinakiliwa mwaka uliofuata, mzunguko ulianza upya. Kompyuta ilipoletwa mwaka 1995, mwenyekiti aliagiza majina yaingizwe kama yalivyo, pasibadilike kitu. Yakaingizwa. Wakati huo mjini watu walishaanza kuitana Bwana na Mheshimiwa, maduka yalikuwa yamejaa bidhaa ambazo wazazi wetu walizipangia foleni, na wanunuzi binafsi walikuwa wanapita mashambani na baiskeli kuchukua maziwa. Ndani ya kompyuta yetu, hata hivyo, wafugaji wote walibaki Ndugu, wengine mara moja, wengine mara nne au tano mfululizo. Hakuna aliyeona ubaya.

Mwezi Machi homa ya mapafu ya ng'ombe ilizuka kwenye tambarare za kusini, ikawa inapanda. Ushirika ulipata chanjo kwa wanachama wake wa Nduruma na Moshono, ikaja Jumanne ndani ya masanduku ya barafu. Mganga wa mifugo alisema chanjo ifike Alhamisi ikiwa imetumika, la sivyo ni maji tu. Akaweka na sharti: hachomi ng'ombe asiye na kadi yenye jina la mwenyewe. Safari iliyopita walikuja wenye nguvu wakachanjiwa mifugo yao mara mbili, na wajane wakarudi na ng'ombe wao vile vile. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa sharti hilo.

Kadi zilikuwa zimeshachapwa na nafasi ya jina ilikuwa fupi, inaingia herufi ishirini tu, nafasi tupu zikihesabiwa. Jumatano asubuhi Jamaldini, kijana wa Kaloleni anayetutunzia kompyuta, akaanza kuzitoa. Kadi ya kwanza ilisomeka Ndugu NDUGU ndugu Ev. Ya pili ilisomeka hivyo hivyo. Ya tatu haikuwa na hata hiyo Ev. Tulisimama tukizitazama zikitoka kwenye printa moja baada ya nyingine, kadi za watu wote, zisizo za mtu yeyote. Meneja aliuliza kama tunaweza kuandika kwa mkono. Wafugaji walikuwa wengi mno, na umeme wa mgawo ulikuwa unakatika saa kumi.

Jamaldini hakutishika. Aliiagiza mashine iondoe neno Ndugu mwanzoni mwa kila jina, akabonyeza, na kwa kufumba na kufumbua ikatangaza kuwa imemaliza. Tulipotazama, imeondoa moja tu kwa kila mtu, na kwa wale tu ambao neno lao la kwanza liliandikwa kwa N kubwa na zilizobaki ndogo. Waliobaki hawakuguswa.

"Mama, kwa mashine hii NDUGU na ndugu hawajuani kabisa," Jamaldini akamwambia Bi. Aikande.

Bi. Aikande alivuta kiti akaketi kando yake. Kuanzia hapo nilishuhudia kazi ambayo bado naiwaza hata nikiwa nyumbani nachambua mchele. Jamaldini aliijua mashine. Bi. Aikande aliyajua majina na njia ambayo kila moja lilipitia. Mmoja akikwama, mwingine anasema jambo, na wanasonga.

Kwanza Jamaldini alitaka kugeuza majina yote yawe herufi kubwa, ili NDUGU zote zifanane na ziondolewe kwa mkupuo. Bi. Aikande akakataa. Alisema ameshawafokea watu hawa vya kutosha kwa ile taipureta yake. Basi Jamaldini akatengeneza ujanja mwingine: mashine ikatwaa kivuli cha kila jina, yaani nakala yake, ikakiandika kivuli hicho kwa herufi kubwa, ikapima kivuli, lakini mkasi ukapita kwenye jina lenyewe, ambalo herufi zake ziliachwa jinsi mwenyewe alivyoziandikisha. Hapo ukubwa na udogo wa herufi ukakoma kuwa tatizo.

Baadaye ikaja habari ya marudio. Mashine iliondoa moja ikaridhika, na chini yake kukatokea nyingine. Bi. Aikande alimwambia awaze mgomba: unamenya ganda, unalikuta jingine, unamenya tena, na huachi mpaka ufike kwenye moyo. Jamaldini, ambaye nadhani hajawahi kumenya mgomba, alielewa mara moja. Aliiagiza mashine iondoe, itazame, iondoe tena, na isiache mpaka itakapokuta neno lisilo Ndugu.

Walijaribu. Majina yakaanza kupita kwenye kioo, ya kijani, moja chini ya jingine. Evaresta. Twahira. Ebenezer. Mwanahalima. Niliyaona kana kwamba mtu amefungua mlango wa ukumbi na watu waliokuwa wamejifunika blanketi moja wakaanza kutoka, kila mmoja na sura yake. Nilikuwa nimekaa na orodha hiyo tangu Januari, na sikuwa nimejua kuwa ina watu wengi namna ile.

Kicheko kilikuja tulipofika Moshono. Kuna mwanachama pale, mwenyeji wa Songea, aliyeandikishwa kwa jina la ukoo wake tu, Nduguru. Mashine ilikuwa imemmenya naye. Bwana mkubwa yule, mwenye ng'ombe sita na baiskeli ya gia, alibaki ru. Jamaldini alilaza kichwa kwenye meza akacheka mpaka meneja akaja kuangalia. Bi. Aikande naye alivua miwani akafuta macho. Wakarudisha majina ya mwanzo, wakaongeza sharti kwamba neno lihesabiwe kuwa ni Ndugu pale tu linapofuatwa na nafasi tupu au mwisho wa mstari. Nduguru akarudi mzima.

Meneja, alipoona kazi inakwenda, alishauri kwamba kwa kuwa Ndugu zimetoka, tuweke Bw. na Bi., kama wanavyofanya siku hizi kwenye mashirika ya binafsi. Bi. Aikande alimjibu kwa upole kwamba nafasi ni ya herufi ishirini, na ng'ombe hawaangalii mambo hayo. Meneja akakubali. Ni mtu mwelewa.

Mara ya mwisho majina yalipita sawasawa, ya Moshono kisha ya Nduruma, na Jamaldini alikuwa ameshanyoosha mkono kuwasha printa. Katikati ya Nduruma ukapita mstari mtupu. Namba ya kopo ilikuwepo, mia mbili na saba, na mbele yake hakuna kitu. Jamaldini alisema ni pengo tu, makosa ya wakati wa kuingiza, atalifuta ili kadi isipotee bure.

"Hapo si pengo, Jamaldini," Bi. Aikande akasema. "Hapo pana mtu."

Wakatazama jinsi mstari ule ulivyokuwa kabla ya kumenywa. Ulisomeka Ndugu NDUGU ndugu NDUGU, basi. Karani wa kwanza wa kituo aliandika Ndugu akaacha nafasi, huenda alikusudia kuuliza jina baadaye. Orodha ikapita mezani kwa Bi. Aikande, akaweka yake. Ikapita kwa Elieza, akaweka yake. Mwaka baada ya mwaka mtu yule aliongezewa heshima, na hakuna aliyegundua kuwa hana jina. Maziwa yake yalipimwa, malipo yake yalitoka kwa namba. Sasa mashine imemenya mpaka mwisho, na moyo haukuwemo.

Bi. Aikande alisukuma kiti nyuma akasimama. Alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu, na katika masjala yake alikuwepo mtu aliyekaa kwa namba peke yake. Kadi isiyo na jina mganga wa mifugo angeikataa, na ng'ombe wa mtu huyo angerudishwa nyumbani kukutana na homa. Akauliza kama dereva wa lori la maziwa amesharudi kutoka Nduruma. Alikuwa amerudi, yuko uani anaosha makopo. Ni Reginald, ambaye wote mnamjua kwa mdomo wake. Bi. Aikande alikwenda mwenyewe uani, kwa viatu vyake vya ofisini, mpaka kwenye maji na povu, akamwuliza kopo mia mbili na saba ni la nani.

"Huyo ni Sakaya, mama," Reginald akasema. "Yeye haongei tangu kuzaliwa. Ana ng'ombe mmoja mweupe usoni, huyo sasa ndiye msemaji wa familia."

Bi. Aikande aliuliza kama ana uhakika wa jina. Reginald akasema majirani wote wanamwita hivyo, na akiitwa anageuka, maana masikio yake ni mazima kuliko ya meneja. Bi. Aikande alirudi ndani, akamwomba Jamaldini ampishe, akaandika mwenyewe kwa vidole vyake: Sakaya. S kubwa, zilizobaki ndogo. Kisha akamwomba Jamaldini aifundishe mashine jambo moja la mwisho, kwamba siku nyingine ikimenya ikaona haitabaki na kitu, isimalize. Iache Ndugu moja, na iwaite watu waje waulize. Jamaldini aliandika sharti hilo. Kadi zilitoka zote kabla ya saa kumi.

Alhamisi Bi. Aikande alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote: alipanda lori la Reginald, akaketi mbele na mkoba magotini, akaenda Nduruma kwenye chanjo. Nilipelekwa nami kushika kadi. Ng'ombe walikuwa wamejaa kando ya mfereji, vumbi limetanda, na mganga wa mifugo ameshakunja mikono ya shati. Kadi zikaanza kusomwa.

Watu hawakuzoea. Miaka yote wameitwa Ndugu fulani, na sasa majina yakawa yanatoka matupu. Wengine walichelewa kuitika, wakidhani anaitwa mtoto. Mzee Ebenezer alipofika mbele na ng'ombe wake wawili alimtazama Bi. Aikande, akamwambia kwamba leo wamemvua koti mbele za watu. Bi. Aikande akamjibu kwamba koti ni lake, lipo, ila lilikuwa limeufunika uso. Mzee aliwaza kidogo, akacheka, akapokea kadi akaisoma mara mbili, akaionyesha kwa jirani yake.

Kadi ya Sakaya ilikuwa karibu na chini. Yeye alikuwa amesimama nyuma kabisa, mtu mrefu mwenye shuka la bluu, ameshika kamba ya ng'ombe mwenye uso mweupe. Nadhani alikuja kwa sababu wengine wamekuja. Sidhani alitegemea kuitwa, maana kwenye mikutano huwa wanaita namba tu ikifika zamu yake. Nilipoiona kadi hiyo nilitaka kuisoma, lakini Bi. Aikande aliichukua mkononi mwangu, akasogea mbele ya watu, akasimama wima kama anayeimba wimbo wa taifa.

"Ndugu Sakaya," akaita.

Ndugu haikuwemo kwenye kadi. Aliiongeza yeye, kwa mdomo, moja tu.

Sakaya aligeuka. Alitazama nyuma yake kwanza, kuona kama yuko mwingine, na watu wakaanza kumpisha njia. Alikuja na ng'ombe wake taratibu. Hakuweza kuitika, kwa hiyo aliinamisha kichwa, kama watoto wa kwetu wanavyofanya wakitaka kubarikiwa na mkubwa, na Bi. Aikande akamwekea mkono kichwani. Kisha akampa kadi. Ng'ombe akachomwa, akarusha teke, likampata Reginald. Wiki chache baadaye homa ilifika Nduruma, ikagusa mazizi ya wasio wanachama. Ng'ombe mwenye uso mweupe yu hai, na mwezi uliopita alizaa.

Kuna mafanikio mengine ya Bi. Aikande ambayo ningeweza kuyataja: jinsi alivyookoa faili za ushirika mafuriko yalipoingia ghalani, jinsi alivyofundisha wapiga chapa ambao leo wako katika ofisi za mkoa, jinsi alivyoshinda shindano la kuvuta kamba la Mei Mosi akiwa na miaka hamsini, akiwa mwisho wa kamba. Waliokuwepo watasimulia vizuri zaidi siku ya sherehe. Mimi nimesimulia nililoliona. Jamaldini ameomba niandike pia kwamba programu ile bado anaitumia, na kwamba ndani yake sharti la mwisho amelipa jina, ameliita Aikande.

Tumepata tabu kidogo na kadi ya kukuaga, mama. Ilizunguka meza zote kutiwa sahihi, na iliporudi ilikuwa imeandikwa Ndugu Bibi Mama Mheshimiwa Aikande Sumari, kila meza na yake. Tumeimenya. Mtoni na shambani kwako Tengeru, pamoja na wajukuu na migomba, ukae kwa afya na amani, na kila asubuhi mlima uwe wazi. Ahsante kwa kutuuliza majina yetu.

Nenda salama, Ndugu Aikande.

Agnela, Masjala